Udi Si Moshi

Watu wa Ukunda hawakuielekeza nyumba ya Twaiba kwa rangi ya mlango wala kwa jina la marehemu mumewe. Walisema tu, "Nenda mpaka usikie harufu ya mkadi, kisha upige hodi." Na kweli, msimu wa maua ulipofika, mgeni hakupotea.

Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, baina ya dirisha la chumba chake cha kazi na ukuta wa matofali. Ulikuwa na mizizi mingi iliyotoka shinani ikauegemeza mti pande zote, na majani marefu yenye miiba pembeni, yasiyomsamehe mtu asiyeyajua. Katikati ya majani hayo ndimo yalimotoka maua meupe yenye unga wa manjano. Twaiba aliyakata asubuhi kabla jua halijachoma, akayachambua vipande vyembamba, akavichanganya na asumini, rehani na vilua, akafunga vikuba. Maharusi wa kutoka Tiwi mpaka Gazi walivibandika vikuba vyake vifuani. Kuna wanawake waliokuwa wakisema kwamba harusi isiyokuwa na kikuba cha Twaiba ni mkutano wa chama cha ushirika, na yeye alijifanya hasikii, huku akisikia kila neno.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake huko Tiwi, mwanamke mkali ambaye sifa hakuzitoa ovyo. Siku Twaiba na mumewe Chande walipohamia Ukunda, mkwe huyo alimkatia tawi la mkadi, akamfungia kwenye kanga iliyolowa maji, akamwambia, "Shika. Usije ukaniambia mjini hamna kazi." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa. Tawi likashika, na huo ndio mti uliowasomesha watoto wake, ukamzikia mume, ukamfanya mtu mtaani.

Wakati ule, nyuma ya ukuta kulikuwa na shamba la mihogo na kijia cha kwendea kisimani. Twaiba hakuhama tena, lakini mji ulimhamia. Mihogo ikang'olewa, kijia kikapanuliwa, bodaboda zikaja, na tuktuk, na malori ya mchanga na mawe ya kujengea nyumba za Diani. Nyuma ya ukuta pakawa uwanja wa kulaza magari. Mojawapo ya malori hayo, lile la bluu lililoandikwa Mashallah juu ya kioo, aliliendesha Alamin, kitindamimba wake.

Alamin alikuwa kijana mwema, na hilo msomaji alishike, maana litatusumbua mbele. Alikuwa hajaoa, mshahara wake uliingia jikoni kwa mama yake, na kila jioni alirudi na kitu mkononi, ingawa ni papai. Lori alililaza likiupa ukuta kisogo, ili asubuhi atoke bila kuhangaika kugeuza. Alfajiri akitoka msikitini aliwasha injini, akaliacha lingurume mpaka upepo wa breki ujae, maana lori lile lilikuwa zee na breki zake hazikushika bila upepo wa kutosha. Yeye wakati huo hurudi ndani kunywa chai. Bomba la moshi lilielekea ukutani, na juu ya ukuta ulikuwapo mkadi.

Ugonjwa wa Twaiba ulianza kwa chafya, na chafya nani huzihesabu kuwa ni ugonjwa? Msimu uliofuata macho yakawa mekundu, yakawasha. Kisha kifua. Kila mkadi ulipochanua, kifua kilimbana akawa anapumua kwa sauti kama mlango unaotaka mafuta. Aliyokuwa akiyafanya maisha yake yote, kuinama juu ya sinia la maua na kuvuta harufu ajue lipi limeiva na lipi bado, sasa yalimtoa machozi.

"Mkadi una wenyewe," alisema Mbeyu, shoga yake wa nyumba ya pili, akishusha sauti kana kwamba hao wenyewe wamekaa naye mkekani. "Maua yanukiayo hivi hayapendwi na watu peke yake. Wafukizie udi, waridhike, wakuachie roho yako."

Twaiba hakuamini sana mambo ya wenyewe, lakini udi alikuwa na sababu yake nyingine ya kuuchoma. Bibi harusi mmoja wa Msambweni alirudisha vikuba vyake na ujumbe kwamba vinanuka gereji. Gereji! Twaiba alilala na neno hilo likimchoma ubavuni. Tangu siku hiyo akafanya hivi: alfajiri, lori likianza kunguruma, alifunga dirisha la chumba cha kazi, akaziba upenyo wa chini kwa kanga kuukuu, akatia makaa kwenye chetezo, akaweka udi na ubani, akauacha moshi uzunguke maua na nguo zake na yeye mwenyewe mpaka harufu ya dizeli imekwisha kabisa. Ndani ya chumba hicho kilichofungwa, juu ya sinia la maua yenye unga, alikaa na kufunga vikuba saa nzima nzima. Akikohoa, aliongeza udi.

Usimcheke. Mama yake alifanya vivyo hivyo akiumwa kifua, na bibi yake, na mwanamke yeyote wa pwani ile anayejiheshimu. Ila mama yake hakuwa na lori nyuma ya dirisha.

Alamin aliyatazama hayo na moyo wake ukamuuma. Alikuwa na maoni yake, na aliyasema wazi.

"Mama, ni huu mti. Msimu usipokuwapo huumwi. Ukichanua, waumwa. Kuna haja gani ya kuuliza zaidi?"

"Nimeishi na mkadi tangu sijavunja ungo," akajibu Twaiba. "Leo ndio unikatae?"

"Basi nenda ukapimwe."

Hakwenda. Aliahirisha mpaka asubuhi ile ambapo uzi ulimponyoka mkononi kikuba kikiwa nusu, akainuka kutafuta hewa, asiipate. Alamin alimkuta ameshika kizingiti kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Shambulio lilipita, Alhamdulillahi, lakini kijana alitoka moja kwa moja akalileta shoka.

"Weka chini," alisema Twaiba kwa sauti isiyokuwa na nguvu. "Nitakwenda Msambweni leo leo. Ngoja daktari aseme."

"Akisema ni mkadi?"

Twaiba aliutazama mti kupitia mlango wa nyuma. Alijua kwamba akijibu hapa hatakuwa na njia ya kurudi.

"Akisema ni mkadi, kata."

Alivaa buibui lake jema, lile la kutokea, akapanda gari la Msambweni peke yake. Alamin alitaka kumsindikiza, naye akakataa. Alitaka kuyasikia mwenyewe kwanza, kabla hayajasikiwa na shoka.

Daktari aliyemwona aliitwa Rispah, mwanamke wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha haraka haraka. Alimsikiliza mgongo na kifua, akamwuliza mambo mengi kwa utaratibu: yalianza lini, huzidi lini, afanya kazi gani. Aliposikia habari za maua akatikisa kichwa.

"Hiyo ni aleji, mama. Unga wa ile mkadi yako, tunaita chavua, ukiingia puani na kifuani mwili unauchukia, unapigana nao. Nyumbani unapikia nini?"

"Gesi, daktari."

"Hakuna kuni? Hakuna makaa?"

"Hakuna. Hilo jiko la makaa nilishampa mtu."

"Kwa hivyo ndani ya nyumba hakuna moshi."

"Hakuna, wallahi."

Wala hakuwa akidanganya. Moshi kwake ulikuwa ule unaochafua sufuria na kumtoa mpishi mbio. Udi ni udi. Humfukizii mgeni moshi, humpokei bibi harusi kwa moshi, wala maiti wa Kiislamu hafukiziwi moshi. Angeulizwa kama anachoma udi angejibu ndiyo, tena kwa fahari, na angetaja na duka anakoununua.

Daktari akamtuma dirishani kuchukua dawa, ile ya kibomba ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia arudi afundishwe kuitumia. Twaiba akakaa kwenye benchi na dawa mapajani. Simu ikalia. Alikuwa Alamin.

"Amesemaje, mama?"

Angeweza kusema ngoja nimalize. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto aliyekuwa akimuuliza alikuwa na hofu sautini, na yeye hakuwa na desturi ya kumdanganya.

"Asema ni unga wa mkadi," akajibu.

Alamin akasema, "Pole, mama," na simu ikakatika.

Twaiba alikaa akiitazama sakafu. Alimkumbuka mkwewe, kanga iliyolowa, na lile tawi alilolipakata garini kama mtoto mchanga. Alilia, hakujificha, katika benchi kama lile mtu akilia hakuna anayeuliza.

Alipoitwa tena, daktari alikuja karibu amwonyeshe namna ya kukibana kibomba kwa midomo. Akamwinamia, mkono begani kwake, kisha akasita.

"Mama, unanukia vizuri sana. Hii ni pafyumu gani?"

Twaiba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Si pafyumu, mwanangu. Ni udi. Buibui limefukizwa."

"Umefukiza wewe? Nyumbani?"

"Kila alfajiri. Chumbani mwa maua."

Daktari Rispah akavuta kiti, akaketi. "Hebu niambie hiyo alfajiri yote, toka mwanzo."

Twaiba akamweleza: lori, dirisha, kanga ya kuziba upenyo, makaa, ubani, udi, sinia la maua. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyojisikia mwenyewe, na alipofika kwenye kuongeza udi akikohoa, sauti ikapungua yenyewe.

"Sasa sikiza, mama," akasema daktari, na hakumcheka wala hakumkemea. "Huo unga wa mkadi umeishi nao miaka yote haujakushinda. Pengine ungekupiga chafya, basi. Lakini moshi wa dizeli unachubua njia za pumzi, kila siku, kidogo kidogo. Mahali palipochubuka, unga ukitua unaingia ndani zaidi. Na moshi wenyewe hushikana na chavua, ukaifanya kali kuliko ilivyo. Ndio maana watu wa mjini wanaumwa na miti ambayo huko kijijini haiwasumbui. Halafu wewe umefunga dirisha ukaongeza moshi mwingine. Udi unanukia, lakini kifua hakijui harufu. Kifua kinajua moshi."

"Kwa hivyo si mkadi?"

"Mkadi umo. Siwezi kukuambia haumo. Lakini usianze na mti. Anza na udi, uutoe chumbani. Maua yachambulie nje, mahali pa upepo, ufunge kitambaa puani. Na hilo lori lisogezwe mbali. Utumie dawa, uje tuone. Mti ukikatwa leo na moshi ukabaki, kesho utaumwa na kitu kingine."

Twaiba alikuwa amekwisha kuitoa simu mkobani. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita tena. Alimuaga daktari wima wima, jambo ambalo si la adabu zake, akaenda kituoni akipiga, akapanda gari akipiga, na kule Ukunda simu ililia juu ya meza ya jikoni, ambapo kijana aliyekuwa nyuma ya nyumba na shoka hangeweza kuisikia.

Alipofungua mlango wa uani, mwangaza ulikuwa mwingi kupita kiasi. Hicho ndicho alichokiona kwanza, mwangaza, pale ambapo siku zote palikuwa na kivuli. Kisha akauona mkadi umelala, umekatwa vipande, mizizi yake imesimama bila kitu cha kuegemeza.

Alamin alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miiba ilikuwa imemchana mikono toka vidoleni mpaka kwapani, damu imekauka. Na shati lake, shati jeupe alilolivaa asubuhi, lilikuwa jeusi kifuani, weusi wa masizi. Viganja vyake vilikuwa vyeusi pia.

"Shikamoo, mama," akasema, akiinuka.

"Marahaba." Twaiba akamshika mkono, akaugeuza. "Hii ni nini?"

"Sijui. Yalikuwa kwenye majani. Kwa chini majani yana rangi yake, lakini upande ule wa ukuta ni meusi matupu." Hakulifikiria zaidi, alikuwa na jambo jingine la kumwonyesha. Akamwongoza mpaka chumba cha kazi. Alikuwa amefagia, amepiga deki, amebadilisha shuka ya kitanda cha kupumzikia. Dirisha lilikuwa limefungwa vizuri. Na katikati ya sakafu, chetezo kilifuka, moshi wa udi umejaa mpaka darini.

"Nimekufukizia," akasema Alamin. "Ule mzuri, wa kwenye kikopo. Ili upate kupumzika."

Nimesema alikuwa kijana mwema. Twaiba alimtazama, kisha akautazama moshi. Ungemwambiaje mtoto ambaye amejichana mikono kwa ajili yako kwamba amekata asilopaswa kukata, kwamba mkate anaokuletea ndio unaokuziba pumzi, na kwamba neno lililomtuma umelitoa wewe mwenyewe, kwa simu, kabla hujamaliza kusikia?

"Ahsante, mwanangu," akasema. Neno hilo lilimgharimu kuliko kikohozi chochote.

Alikibeba chetezo kwa mikono yake, akakitoa uani, akamwaga maji juu ya makaa. Alamin alishangaa, akaambiwa daktari amekataza udi, basi. Halafu Twaiba akachukua kisu, akapita kwenye matawi yaliyolala, akachagua ncha zilizokuwa bado na uhai, akazikata na kuzisimamisha katika ndoo ya maji. Alamin akamuuliza za nini. Akasema atajua mbele ya safari.

Alfajiri, Alamin alikwenda kuswali. Twaiba alivuta dawa yake kama alivyofundishwa, akahesabu pumzi, akaingia chumba cha kazi. Kwa desturi mkono wake ulikwenda kwenye kanga ya kuziba upenyo, akauzuia. Daktari alisema mahali pa upepo. Akafungua dirisha lote, mabawa mawili.

Tangu lori lile lianze kulala pale hakuwahi kuliona kutoka dirishani. Mkadi ulikuwa umelificha asilione, na yeye umemficha asionekane na aliye ndani yake. Sasa aliliona juu ya ukuta, na kile kioo kirefu cha pembeni, na ndani ya kioo, uso wa mwanawe akipanda na kuketi. Injini ikawaka, naye leo hakushuka kwenda kunywa chai. Labda alikuwa amechelewa.

Moshi haukuzunguka, haukupotea. Ulipanda ukutani, ukapita juu ya kisiki, mahali palipokuwa na majani jana, ukaingia dirishani ukamkuta usoni. Twaiba alijaribu kuyafikia mabawa ya dirisha. Kikohozi kikamwinamisha, akashika kizingiti, na katika kile kioo aliuona uso wa Alamin umegeuka, unamtazama.

Injini ikazimwa.

Kukawa kimya, kimya ambacho mtaa ule haukuwa nacho saa ile. Kisha mlango wa lori, kisha hatua za mbio kuuzunguka ukuta. Alamin alifika akasimama kando ya kisiki. Alivitazama viganja vyake, ambavyo sabuni ya jana haikuvimaliza, akautazama ukuta, akalitazama dirisha.

"Mama," akasema. "Ni mimi?"

Twaiba alingoja pumzi irudi, akavuta kibomba, akangoja tena. "Ni wewe, na ni mimi na udi wangu," akasema. "Na mkadi, kidogo."

"Ulijua?"

"Daktari aliniambia."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Nilipiga simu, hukupokea. Nilipofika ulikuwa umekwisha kuukata."

Alamin akachuchumaa, akauficha uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Twaiba hakumwambia nyamaza. Alikuwa na haki ya kuulilia mti ule, naye alikuwa ameulilia kabla yake. Alipomaliza, kijana alijifuta kwa mkono wa shati, akaivuta ile ndoo karibu, akashika ncha mojawapo kwa uangalifu, mbali na miiba.

"Hivi hupandwaje?" akauliza.

"Kwanza liondoe lori," akasema mama yake.